Jogoo Aliyekatazwa Kufa

Siku ya kwanza yule mzee Mmarekani kuingia ofisini kwetu, alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Simama. Kuja hapa. Onyesha mkono." Miaka hiyo ya chama kimoja, mtu akikwambia uonyeshe mkono ulionyesha kwanza, maswali baadaye. Nikainua kidole kimoja juu, salamu ya chama, jinsi tulivyozoea. Akakishika hicho kidole, akakisogeza karibu na miwani yake, akangoja aone kama kitatetemeka.

"Mzuri," akasema. "Hapana tetemeka. Jumamosi kuja Kaptagat."

Nilidhani serikali imeanza kuajiri makachero wa Kizungu. Kumbe maskini ya Mungu alikuwa mtu mpole kupindukia, ila Kiswahili chake alikitoa katika kijitabu kilichoachwa na walowezi kwenye nyumba aliyokaa na binti yake, na kijitabu chenyewe hakikuwa na kitu ila amri. Lete maji. Funga mlango. Wewe mvivu. Kwa Kiingereza aliomba radhi hata akimpita mbwa. Kwa Kiswahili alikuwa bwana shamba. Binti yake, daktari katika hospitali ya misheni, alijaribu kumrekebisha akachoka. Mimi nilimfundisha neno "tafadhali" tu, ikawa "Tafadhali wewe mvivu," na tukaendelea na maisha.

Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za mashamba. Niseme ukweli, sikuchora, nilinakili. Unaweka karatasi nyembamba juu ya ramani ya mpima ardhi, unachukua kalamu ya wino, unafuata mstari wa mtu mwingine kutoka asubuhi hadi jioni. Nilikuwa nimetoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi Eldoret, mji ambao wazee wa pale bado waliuita Sisibo, na kila asubuhi nikitoka Kimumu, nilikopanga chumba, niliitukana ile baridi kwa lugha ya mama yangu. Lakini mkono wangu ulikuwa umetulia. Ndugu wa damu walikuwa wakikatana mapanga kwa sababu ya unene wa mstari, kwa hiyo mkono ilibidi utulie. Mzee alikuwa amekuja kwa bosi wetu kuomba karatasi, akaniona nikifuata mpaka wa shamba la mtu, akaona amepata mfanyakazi. Bosi, ambaye angempa Mmarekani hata kiti chake mwenyewe, akasema nichukuliwe kila Jumamosi.

Kule Kaptagat nilikuta meza ya jikoni iliyokatwa tundu katikati. Juu ya tundu palikuwa na kioo cha dirisha na chini yake balbu. Mzee akanikalisha akanieleza maisha yake yote kabla ya chai kupoa, huku anachora.

Alianza kazi hajaota ndevu, katika chumba kimoja juu ya duka la nguo kwenye mji mkubwa wa kwao, wakati sinema bado hazina sauti. Walitengeneza katuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha. Michoro ilichorwa juu ya plastiki angavu, ikishapigwa picha inaoshwa ili plastiki ichorwe tena, kwa maana mwenye kampuni alikuwa mchoyo. Akaosha paka mwaka mzima. Akapandishwa cheo, akawa wa kujaza wino mweusi kwenye matumbo ya paka. Halafu akapewa kazi ileile aliyokuja kunipa mimi: bingwa anamchora paka akiwa ameinua mguu, anamchora tena akiwa ameushusha, na wewe unachora yote yaliyo katikati, yale ambayo mtazamaji hayaoni lakini yakikosekana anajua ameibiwa. Mwishowe akawa bingwa mwenyewe. Paka wake walitembea dunia nzima, na kila filamu ilianza kwa jina la mwenye kampuni, mtu ambaye, kwa maneno ya mzee, hakuweza kuchora yai.

Baadaye sinema zikapata sauti, wachoraji wakagoma, naye akabeba bango mlangoni akafutwa kazi. Wakati wa vita alilichorea jeshi mbu wa malaria. Vita vilipoisha akachora sabuni inayocheza densi kwa ajili ya matangazo ya televisheni, sabuni miaka nenda miaka rudi, mpaka mkewe akafa na binti akamleta huku kwenye miti na ukungu.

"Sabuni hakuna mtu nacheka," aliniambia, na hilo alilisema kwa uchungu zaidi kuliko habari ya kufutwa.

Jina halikumsumbua. Jina wameshakula, alisema, lishukie tumboni salama. Kilichomuuma ni kitu kingine. Ujanani, kila Jumamosi, alikuwa akinunua tikiti ya bei ya chini anaenda kukaa kati ya watoto wa mjini, gizani, asikilize wanachekea wapi. Mwenye kampuni hakuwahi kwenda. Huo ndio mshahara aliouhesabu kuwa wake. Na tangu ile sabuni ianze kucheza hakuupata tena. Alitaka kuusikia mara moja zaidi kabla hajazikwa, na alisema hivyo waziwazi, mbele ya binti yake, ambaye alitazama dirishani.

Nafasi ilitoka mahali ambapo hakuna mtu angetazamia kicheko, yaani ofisi ya mifugo. Kideri kilikuwa kinamaliza kuku, watu hawataki kuchanja, na daktari wa mifugo, kijana mwenye bidii kutoka Mkoa wa Kati, alikuwa amesikia kwamba baba ya yule daktari wa misheni alikuwa fundi wa katuni. Akaja na trei ya mayai kuomba filamu fupi ya gari la sinema, lile lililozunguka mashambani likipiga kelele "Sinema leo!" na kuonyesha watu namna ya kuchimba choo. Mzee akakubali kwa sharti moja: filamu ikionyeshwa, apelekwe akakae na watu.

Hadithi yenyewe ungeiandika kwenye ukucha. Jogoo mmoja wa maringo anakataa chanjo. Anapiga doria uani kama yeye ndiye aliyejenga boma. Anashikwa na kideri. Shingo inapinda, anazunguka, anaanguka, anakufa. Chanja kuku wako.

Tulifanya kazi hiyo miezi na miezi. Plastiki hatukuwa nayo, kwa hiyo binti alituletea picha za eksirei zilizokuwa zitupwe, tukaziloweka katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe mpaka mifupa ikatoka. Ilitoka karibu yote. Kamera ilikuwa ya misheni, imezoea kupiga maaskofu wakipanda miti, na tuliifunga juu ya fremu ya kitanda ikitazama chini. Mzee alichora jogoo akianza hatua, akachora akiimaliza, akanisukumia mimi ya katikati. "Tafadhali fanya kazi," alisema kwa upole wote wa moyo wake.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwendo. Alisema kila mnyama wa katuni anaiba mwendo wa binadamu fulani. Wanariadha waliokuwa wakipita mbio mbele ya geti kila asubuhi aliwatazama wiki nzima akawakataa. "Hawa nakimbia mzuri sana," alisema. "Mzuri hapana chekesha." Basi akawa anakuja mjini na binti yake, anakaa kwenye ngazi za posta na karatasi magotini. Siku moja akarudi ameruka miaka thelathini nyuma kwa furaha. Alikuwa amemwona mwanamume akishuka kwenye Landrova: kifua kinatangulia, tumbo linafuata, miguu inakuja ikipenda. Ndio huo mwendo akampa jogoo. Mwenye mwendo hakumjua, na mimi sikuwepo kumwambia.

Msomaji wa siku hizi ameshaanza kunicheka. Ataniuliza, nyinyi hamkuwa na macho? Jogoo si ndiye aliyekuwa alama ya chama? Ndiye. Alikuwa kwenye kadi, kwenye beji, kwenye leso za akina mama wa kupiga vigelegele, kwenye ukuta wa kila ofisi chini ya picha ya Mtukufu Rais. Tulikuwa tumemwona mpaka hatumwoni tena. Daktari wa mifugo naye alikuwa anafikiria kuku, jambo ambalo ndilo alilosomea. Hivyo watu watatu wenye akili timamu walikaa Uasin Gishu wakamchora jogoo anakufa, tena kwa ustadi, na hakuna aliyeshtuka.

Filamu ilienda Nairobi kusafishwa, ikarudi, na kabla ya kuingia kwenye gari la sinema ilibidi ipite kwa kamati ya Bwana D.O., mkuu wa tarafa yetu. Tulikusanyika ofisini kwake mchana, blanketi zimefungwa madirishani. Alikuwepo Bwana D.O., alikuwepo chifu wa upande wa Kimumu na kofia yake ya kazi, alikuwepo daktari wa mifugo akitoa jasho la furaha. Bwana D.O. alipoingia, kifua kikitangulia, mzee alinishika mkono kwa nguvu. Nikamtazama D.O., nikatazama ile mashine ya sinema, nikaelewa mwendo ulitoka wapi, na nikaanza kuomba umeme upotee.

Haukupotea. Jogoo akatokea, akatembea. Bwana D.O. akapendezwa.

"Huyo jogoo anatembea kama mtu wa maana," alisema. Chifu akakubali.

Kisha jogoo akaugua. Niseme kwamba kifo kile ndicho kilikuwa kazi bora ya mzee. Kilikuwa kirefu, kilikuwa na aibu ndani yake. Jogoo alianguka, akajifanya alikuwa anaokota kitu, akasimama, akaanguka upande wa pili, akarekebisha mkia wake, na mwisho kabisa miguu miwili ikasimama juu hewani, mmoja ukimkuna mwenzake, halafu basi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeichora miguu ile mmoja mmoja, sikujua kwamba ingenichekesha hivyo. Lakini nilichekea tumboni, kwa sababu chumba chote kilikuwa kimya. Katika ule mwanga wa sinema kila mtu alikuwa anaonekana uso.

Bwana D.O. akauliza polepole, "Daktari, huyo jogoo amelala?"

"Ni kama amepumzika kidogo, mheshimiwa," akasema daktari wa mifugo, ambaye jasho lake lilikuwa limebadilika aina.

Mzee alifurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza kuhusu kazi yake. "Hapana lala," akasema. "Kufa. Kufa kabisa."

Chifu, kwa woga mtupu, akainua kidole kimoja juu akakiacha hapo.

Blanketi zilipofunguliwa, Bwana D.O. hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mimi sina shida na kuku," alisema. "Majike wafe. Vifaranga wafe. Hiyo ni sayansi, siwezi kuingilia. Lakini jogoo, katika division yangu, hafi." Kisha akamgeukia mzee kwa Kiingereza safi, akamkumbusha kwamba binti yake anafanya kazi nchini kwa kibali, na kibali huwa kinaisha.

Njia ya kutoka ilionekana rahisi. Daktari wa mifugo alisema tumgeuze jogoo awe kuku jike: tufute upanga wa kichwani, tupunguze mkia, kila mtu aende nyumbani. Mzee akakataa. Mwendo ule ni wa jogoo, alisema, kuku jike hana sababu ya kutembea hivyo. Basi daktari akasema tumponye. Halafu akalikataa wazo lake mwenyewe, kwa sababu chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua, na watu wangeanza kuchanja maiti. Tukabaki na jogoo ambaye kisiasa haruhusiwi kufa na kidaktari haruhusiwi kupona.

Binti alinifuata nje siku ile, karibu na gari lake. "Ongea naye, wewe anakusikiliza," aliniambia. "Mwambie ni kuku tu."

Nilimwambia. Akaniambia, kwa Kiingereza safari hii, kwamba maisha yake yote amekuwa akigeuza vitu ili mwenye kampuni alale vizuri. Aliwahi kumvalisha ng'ombe sketi kwa sababu mke wa mtu fulani aliona haya. Alikuwa mtu mzima sasa. Kama filamu haitaonyeshwa, isionyeshwe. Akazima ile balbu ya chini ya kioo, na mimi nikarudi Kimumu nimekasirika, kwanza na serikali, halafu na yeye, kwa sababu nilijua ni yeye atakayeumia. Nilikuwa nimeshampenda yule mzee na amri zake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumrudishia kalamu zake. Nikamkuta mezani, balbu inawaka, anacheka peke yake.

"Kaa," akasema. "Tafadhali."

Nikakaa. Akanieleza siri ya mabwana wachoyo wa zamani. Ukitaka paka atembee njia ndefu, huchori njia yote. Unachora hatua chache tu, ya mwisho unaifunga kwenye ya kwanza, halafu unazirudia hizohizo chini ya kamera. Paka anatembea mpaka Kiama na mwenye kampuni hajanunua wino zaidi. Waliuita mduara. "Bwana Mkubwa hapana taka jogoo kufa," alisema. "Mzuri. Jogoo hapana kufa."

Nikaona alichochora. Jogoo anaugua kama kwanza. Anayumba, anapinda shingo, anaanguka, anajifanya kuokota kitu, anasimama. Anayumba, anapinda shingo, anaanguka, anasimama. Na hapo anabaki. Nyuma yake majike wanaugua kwa sababu yake na kudondoka mmoja mmoja. Vifaranga wanadondoka. Mwenye boma anatoka na sufuria, anangoja, anachoka, anakaa juu ya sufuria. Nyasi zinaota. Jogoo anaanguka, anarekebisha mkia, anasimama.

Daktari wa mifugo alipoiona alisema ni sahihi kabisa kisayansi, kwamba ndege mgonjwa akiachwa bomani ndiye anayemaliza wengine. Alisema hivyo bila kutabasamu, na mpaka leo sijui kama alielewa. Kamati ikakaa tena nyuma ya blanketi.

"Sasa hafi?" akauliza Bwana D.O.

"Hafi, mheshimiwa."

"Hata mwishoni?"

"Filamu inaisha akiwa amesimama."

Bwana D.O. akafikiri. "Mkakamavu," akasema, akapiga muhuri.

Gari la sinema lilikuja Kimumu mara tu baada ya giza kuingia, likafunga shuka lake jeupe kwenye uwanja karibu na josho la ng'ombe. Watu walijaa, wa mashambani na wa mjini, wengine na vigoda vyao, wengine wamejifunika blanketi. Mzee tulimkalisha nyuma kabisa kwenye benchi la shule, kati yangu na binti yake. Chifu akahutubia kwa muda wa kutosha, akaweka kidole juu, sote tukaweka vidole juu, taa ikazimwa. Usiku huo haukuwa na mwezi. Nilimsikia mzee akipumua.

Jogoo alitokea. Kwenye mbingu nyuma yake, mahali ambapo eksirei haikutoka vizuri, palionekana mbavu za mtu, na mama mmoja mbele yetu akauliza hizo ni mbavu za nani. Watu wakacheka kidogo. Mzee akageuza sikio. Jogoo akatembea, na nikasikia mtu akivuta pumzi, kwa sababu huo mwendo pale Kimumu walikuwa wanaujua. Kisha akaugua, na uwanja wote ukanyamaza kama ile ofisi. Akaanguka. Kimya. Akasimama. Akaanguka. Nilisali, mimi ambaye kanisani huenda kwa ajili ya nyimbo.

Akasimama kwa mara nyingine, akarekebisha mkia. Na mahali fulani upande wa kushoto, sauti ya mwanamke aliyechoka ikasema, "Si ufe tu, tuende nyumbani."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza pale kwake, kikaenda mpaka kwenye josho kikarudi. Wanaume walikuwa wanapigana makofi mgongoni. Kila mara jogoo alipoanguka walimsihi abaki chini, na alipoinuka walilia kwa kicheko. Chifu akaruka akawasha tochi. "Nani anacheka? Nani huyo?" Alipoielekeza tochi, watu waliomulikwa walikuwa wamekaa wima na nyuso za kanisani, na kicheko kilikuwa kimehamia upande mwingine. Akaigeuza huko. Huko nako kimya, na nyuma yake wakalipuka. Alikimbiza kicheko uwanja mzima na tochi ile.

Filamu haikuonyeshwa tena. Kesho yake gari la sinema lilirudia habari za choo. Kibali cha binti hakikuguswa, wala mimi sikuitwa popote, kwa sababu yeyote ambaye angeandika malalamiko angelazimika kueleza watu walikuwa wanacheka nini. Jogoo hakufa. Muhuri ulikuwepo.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Usiku ule tochi ilitufikia na sisi kwenye benchi. Binti akainamisha kichwa. Mimi sikuweza kujizuia, nilikuwa nimeziba mdomo kwa leso na machozi yananitoka. Mzee hakuwa anacheka. Alikuwa amefumba macho anasikiliza, uso umeinuka kidogo, na mwanga ulipompiga hakushtuka. Katika kumbi za sinema za ujana wake, aliniambia baadaye, palikuwa na mtu wa kutembea na tochi gizani akiwaonyesha viti watu waliochelewa.

Akaniinamia akauliza, kwa Kiingereza, kama bado wanaingia.

"Bado wanaingia, Mzee," nikamwambia.

Akavuta miguu yake chini ya benchi ili wapite.